Imepanda Nini?

Zamani za kale sana, wanangu, nyati akiwa bado mpole na mwenye shamba, Nguchiro alitengeneza mtambo wa kusaga nafaka kwa upepo. Krrr! Krrr! Wanyama waliacha vinu vyao wakaja kushangaa.

Nguchiro akauza hisa za mtambo, kila mwenye hisa apate sehemu ya unga kila mwaka. Kwanza hisa moja ilikuwa debe la mtama. Wanyama wakagombea, ikawa gunia. Mwishowe hukuipata bila kutoa shamba.

Nyati alikuwa na konde moja tu, la bondeni, aliloachiwa na mama yake. Hilo ndilo lililowalisha ndama wake.

Akamwendea Nguchiro. "Nasikia hisa zinakwenda mbio."

"Bei imepanda, mzee wangu. Wewe mkulima, hebu niambie, aliyepanda hufanya nini?"

"Huvuna," akasema Nyati.

"Basi, mimi sina la kuongeza."

Nyati akarudi nyumbani akitabasamu peke yake. Alimkuta mkewe akipepeta mtama, akamweleza.

"Mwaka jana hisa moja ilitoa unga kiasi gani?" mkewe akauliza.

"Kibaba."

"Na mwaka huu?"

"Kibaba na konzi. Unaongezeka, mke wangu."

"Unaongezeka, sikatai, na mtambo ni mzuri. Lakini konde letu linatoa magunia. Kwa mwendo huo wa konzi, unga utalifikia konde wajukuu wetu wakiwa na mvi."

"Hujasikia? Bei imepanda!"

"Imepanda nini, baba watoto? Imepanda mbegu, au imepanda mlima?"

Nyati akaona anafanyiwa mzaha. Akaenda akatoa konde.

Mwaka ukapita. Krrr! Mtambo ukasaga vizuri tu, na Nyati akapewa kibaba chake na makonzi mawili. Ndama wakala siku moja, ukaisha. Akaitembeza hisa yake kijiji kizima, hakuna aliyeitaka hata kwa debe.

Akamkuta Nguchiro anapalilia bondeni. "Ulinidanganya."

"Wapi, mzee wangu? Mimi nilisema bei imepanda. Kuvuna ulitaja wewe."

Nyati alisimama pembeni mwa konde la mama yake, asiruhusiwe kukanyaga, akajuta mpaka machozi yakamtoka. Nyumbani mkewe aliinjika sufuria ya maji matupu, ndama wakaizunguka wakingoja uji.

Kabla hujatoa shamba, wanangu, usiulize bei, uliza unga.