Majiko Matatu ya Bibi Atuganile

Mpima baridi hawashiwi moto. Ndivyo mama yenu alivyomwambia Anyisile leo asubuhi, aliporudi kutoka zahanati na kusema daktari alimuuliza anaumwa wapi, naye akajibu, "Shikamoo, siumwi sana." Mmecheka wee, halafu mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni karibu na bomba la jiko mpate joto. Hayakutoka mbali. Yametoka nyumba ya nne kutoka hapa, na yalianza hivi.

Kabla mama yenu hajaolewa, nyumba za mtaa huu wa Itiwila hazikuwa na dari. Ukiinua macho unaona bati, na kati ya bati na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Juni ya jiji hili mnaijua. Upepo ulishuka mlimani, ukaingia kwenye nafasi ile kama mwenye nyumba, na alfajiri jasho la bati likatudondokea tuliolala. Tulizoea. Tulilala na makoti.

Mwaka huo serikali ikatoa ruzuku. Nyumba zenye baridi zaidi zingewekewa dari, zingezibwa ile nafasi ya juu, na kujengewa jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje, kama hili. Mwenye nyumba angechangia mchanga na maji tu. Lakini vifaa havikutosha mtaa mzima, kwa hiyo mtu wa jiji angepita asubuhi nyumba kwa nyumba na kipimajoto. Nyumba ambayo ndani yake haifiki nyuzijoto kumi na tano ingeandikwa.

Mtu huyo alikuwa Bwana Singano, kijana wa Pangani, ambaye hakuwahi kuonekana bila koti hata saa saba mchana. Sisi tulimwita mpima baridi. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema, "Nitapita Jumatano. Naomba msijisumbue na chochote. Kaeni kama mnavyokaa siku zote."

Tuliitikia kwa vichwa. Lakini niambieni, ni mgeni gani asiyesema msijisumbue? Husema hivyo huku pua yake ikinusa sufuria. Ukimwamini, ukaacha kweli kujisumbua, umemtukana.

Katika mtaa wote hakuna aliyeihitaji dari ile kama Bibi Atuganile. Binti yake, Bupe, alikuwa amejifungua mtoto njiti wa mimba ya miezi saba, mdogo kama nusu mkate, jina lake Lugano. Hospitali ilimruhusu kwa masharti. Mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Jiko la mkaa lisikae ndani mlango ukiwa umefungwa, maana hewa yake huua watu wamelala. Na kila Ijumaa mtoto apimwe uzito. Muuguzi alisema, "Akiwa kwenye baridi, maziwa yote yanaishia kupigana na baridi. Hanenepi." Asipoongezeka wiki mbili mfululizo, angerudishwa wodini, na safari ile ya kwanza alitoka huko kwa huruma ya Mungu tu.

Sasa huyo Bibi Atuganile alikuwa mtu wa wageni. Hakuna aliyeondoka kwake na mikono ya baridi. Hata aliyekuja kumgombeza kwa sababu ya mbuzi wake alipewa chai kwanza, ndipo agombeze.

Jumatano hiyo aliamka kabla ya jogoo. Akapiga sakafu udongo mpya. Akaziba ile nafasi ya juu kwa magunia na kanga kuukuu. Akawasha majiko ya mkaa uani mpaka makaa yakawa mekundu bila moshi, akayaingiza ndani, mlango akauacha wazi kidogo. Jiko la kwanza lilikuwa lake. La pili aliliazima kwa mama wa kwaya. La tatu lilikuwa langu. Nililibeba mwenyewe, nimevaa kilemba kipya, nikifurahi. Bupe na mtoto wakapelekwa kwangu, wasikae na makaa.

Bwana Singano akaingia akipuliza vidole.

"Karibu, mwanangu, karibu motoni. Mikono gani hiyo? Kama umeshika samaki!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa." Akanigeukia. "Sekela, mpe chai mwenzio."

Alikaa. Akanywa. Akavua koti, jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kuliona. Akatundika kipimajoto msumarini, akasubiri, akakitazama. Nyuzijoto ishirini na tatu.

"Bibi, majiko haya huwaka hivi siku zote?"

"Kwangu moto hauzimi, mwanangu."

"Na hamna shida yoyote na baridi?"

"Tunamshukuru Mungu. Hatujambo. Ongeza chai."

Akaandika. Mimi nilisimama pale na birika, nikimwona bibi amepokea mgeni vizuri kuliko watu wote. Shida gani utamwambia mgeni kabla hajamaliza kikombe? Alipotoka tukarudisha majiko kwa wenyewe na kutoa magunia. Kabla sijafika mlangoni kwangu, nyumba ile ilikuwa imeshapoa.

Wiki hiyohiyo orodha ikabandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Wa kwanza alikuwa Mzee Gwamaka. Huyu alimpokea mpima baridi akiwa kitandani, akamwambia kutoka ndani ya blanketi, "Ingia tu upime, mimi siamki." Tulikuwa tumeona aibu kwa niaba yake. Jina la Bibi Atuganile lilikuwa chini kabisa, na mbele yake maneno matatu: nyumba ina joto.

Ijumaa Lugano alipimwa. Hakuongezeka hata kidogo.

Nilimkuta bibi amekaa jikoni, ameshika kadi ya mtoto.

"Twende kwa Bwana Singano," nikamwambia.

"Nimwambie nini, Sekela? Kwamba nilimdanganya huku namkaribisha?"

"Mwambie nyumba ina baridi."

"Aliiona ina joto kwa macho yake."

"Aliona jiko langu! Hata mimi nimo katika uongo huo. Twende, bibi. Ijumaa haitusubiri."

Tukaenda, yeye nyuma yangu, kanga imemfunika mpaka puani. Bwana Singano alikuwa peke yake ofisini. Bibi akaivuta kanga juu zaidi. Nikamkanyaga mguu. Ndipo akasema, taratibu, akitazama meza, habari ya majiko matatu.

Kijana akaweka kalamu chini. "Lakini bibi, nilisema msijisumbue."

"Kila mgeni husema hivyo, mwanangu."

Akataka kucheka, akaacha. "Kweli. Hata kwetu Pangani." Akafikiri kidogo. "Mimi kwangu mtaa huu wote ni jokofu. Ndiyo maana nimepewa kile kipimo, nisije nikaandika ninavyotetemeka mimi. Kipimo kinaandika kinachokikuta. Nitakuja kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ila usiwashe hata kibiriti."

"Hata maji ya chai?"

"Hata ya chai."

"Mgeni aingie kwangu akute majivu? Watu watasemaje?"

"Kesho mimi si mgeni, bibi. Ni mpima baridi."

Asubuhi hiyo nilikuwepo. Bibi Atuganile alikaa kwenye kigoda, mikono ameikalia, kwa sababu kila alipoiachia ilikwenda jikoni yenyewe. Bupe alikuwa kitandani, mtoto kifuani, mablanketi mawili juu yao. Kalenda ukutani ilipigapiga kwa upepo. Bwana Singano akaingia, na bibi hakuweza kumtazama usoni. Nilimfahamu maisha yangu yote, sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa mbele ya mtu aliyepita mlango wake.

Kipimo kikatundikwa. Tukasubiri robo saa. Tone la maji likatoka kwenye bati, likaanguka kwenye karatasi ya Bwana Singano, wino ukatambaa. Akainua macho juu. Tone lingine likampata shavuni. Alipojifuta ndipo akakiona kikofia kidogo chekundu kikichungulia kwenye blanketi.

"Ana muda gani?"

"Wiki ya sita," Bupe akajibu.

"Mbona siku ile sikumwona?"

Bibi akasema bila kuinua kichwa, "Tulimweka kwa jirani. Sikutaka unywe chai ukiwa na huzuni."

Yule kijana akageukia msumarini. Akakitazama kipimo. Nyuzijoto tisa. Akachukua karatasi kavu, akaandika upya.

Alipofika mlangoni, bibi akashindwa kuvumilia. "Hata kikombe kimoja? Kidogo tu?"

"Sinywi, bibi. Nikinywa hapa leo, nitakuwa nimekunywa dari yako."

Mafundi walipokuja walitakiwa waanzie kwa Mzee Gwamaka. Mzee akawaambia, tena kutoka ndani ya blanketi, "Nendeni kwanza kwa mwenye mtoto. Mimi ninaendelea kulala." Kwa siku nne walipiga mbao za dari, wakaziba nafasi yote ya juu kwa tofali na udongo, wakajenga jiko na bomba lake. Mimi na Bupe tulibeba maji, mtoto akiwa pale pale kifuani. Ijumaa iliyofuata muuguzi alimweka Lugano kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena, akaona mizani haikosei. Gramu mia moja na arobaini zimeongezeka. Bibi akapiga vigelegele mle mle kliniki, akakatazwa, akaenda kuvimalizia nje.

Mwisho wa mwezi Bwana Singano alirudi kukagua kazi ya mafundi. Alipokanyaga kizingiti, bibi akamziba njia.

"Kwanza sema. Leo unapima?"

"Natazama dari tu, bibi. Kipimo nimekiacha ofisini."

"Basi leo ni mgeni." Akamvua koti kwa mikono yake, akamkalisha, akampakatisha Lugano mapajani, akachuchumaa kuwasha moto. Jiko moja, kuni tatu, na chumba kikashika joto. Alipokuwa akipuliza akasema, kama anayesema na moto, "Nimejifunza uzeeni. Mgeni huwashiwa. Mpima baridi hawashiwi moto."

Mimi nilikuwa nimeshika birika lilelile. Nilikwenda nikayasema kisimani, na kutoka kisimani yakaenda yenyewe.

Basi, Anyisile, kesho rudi zahanati. Shikamoo mpe daktari, ni haki yake. Lakini ukishaitoa, usimwambie huumwi. Nyoosha kidole umwonyeshe panapouma, hata kama unaona haya. Mpima baridi hawashiwi moto.