Nani Ashike Wembe wa Mtoto wa Nakundwa?

Sogeeni karibu. Leo sikuja kuwachekesha, nimekuja na fundo, na mwenye kucha ndefu na alifungue. Ila wewe unayetafuna muwa pale nyuma, usijibu kabla sijamaliza. Nakujua wewe.

Huko milimani wanakolima tangawizi walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Bibi Nakiete alijaliwa pua. Mfumbe macho, mpe kipande cha tangawizi, atakwambia kimetoka shamba la nani na kama kiling'olewa kabla ya mvua au baada yake. Wanunuzi walimwogopa.

Binti yake, Namsemba, alijaliwa maziwa. Alikuwa akinyonyesha mtoto wake wa miezi mitano, na mtoto huyo alinenepa mpaka mikono ikawa na mikunjo kama amefungwa uzi.

Eliakimu, mhudumu wa afya wa kijiji, hakuwa na pua wala maziwa. Alikuwa na mzani wa kuning'iniza, daftari, na ubishi. Watu walisema hata salamu yako ataipima kwanza ndipo aiitikie.

Basi, Mbonea, mtoto wa kiume wa Bibi Nakiete, alioa msichana aitwaye Nakundwa, na Nakundwa akajifungua binti wa kilo tatu na gramu mia moja. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mtoto hapewi jina mpaka anyolewe nywele za kwanza, na anayeshika wembe ndiye anayetaja jina. Akishalitaja, amekuwa mzazi wa pili. Siku akizeeka, mtoto yule ndiye wa kumchotea maji na kumwotesha moto. Kwa hiyo msione wembe ni kitu kidogo.

Mwezi ukapita. Kila aliyekuja kumpongeza mzazi alisema, “Jamani, mtoto mtulivu huyu! Halii.” Bibi Nakiete akawa anajisifu kwa majirani kwamba wajukuu wa kwake hawasumbui. Nakundwa peke yake ndiye aliyekuwa hana raha. Akimweka mtoto kifuani, mtoto ananyonya mara mbili tatu, anakunja uso, anageuka. Akimrudisha, anageuka tena. Nepi zilikuwa zinashinda kavu. Lakini ni mtoto wake wa kwanza, na mkwe amesema ni mtulivu. Angemwambia nani?

Ndipo Eliakimu alipokuja na mzani wake. Akaufunga kwenye boriti ya barazani, akamning'iniza mtoto, mshale ukasimama kwenye kilo mbili na gramu mia nane.

“Amepungua,” akasema.

“Huo mzani wako umeota kutu,” Bibi Nakiete akamjibu. “Ondoka nao hapa kwangu.”

Mwingine angeondoka. Eliakimu alikwenda dukani, akarudi na pakiti tatu za sukari, kilo moja moja. Akatundika ya kwanza, mshale ukasema moja. Ya pili, mbili. Ya tatu, tatu. Kisha akamtundika mtoto tena mbele ya macho ya wote, na mshale haukufika pale ulipokuwa kwenye sukari.

“Mama, huyu si mtulivu,” akasema. “Huyu hana nguvu ya kulia.”

Nakundwa akaketi chini palepale sakafuni. Mbonea akatoka mbio kutafuta pikipiki ya kuwashusha hospitali, akarudi amelowa matope mpaka kiunoni. Mvua ya juzi ilikuwa imekata barabara, mlima umeporomoka, hapiti mtu wala punda. Eliakimu akapiga simu hospitali. Akaambiwa mtoto alishwe kila baada ya saa mbili, apimwe kila siku, na barabara ikifunguka tu ashushwe.

Mbonea akasimama pale na matope yake, akasema, “Atakayeniokolea mtoto huyu, huyo ndiye atakayeshika wembe. Nimesema.”

Alisema, na nyote mmemsikia.

Lakini alishwe nini? Titi ambalo halinyonywi hukauka, na la Nakundwa lilishaanza. Alikamua asubuhi nzima, akapata kijiko kimoja. Namsemba akaletwa. Eliakimu akampitisha zahanati ya kijiji kwanza, akapimwa damu, akaonekana salama. Akampakata mtoto wa kaka yake. Mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta, kwa hiyo Namsemba akamkamulia kikombeni na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, na siku ya tatu akaweza kunyonya mwenyewe.

Siku sita alifanya hivyo, na Nakundwa naye hakuacha kukamua, ili maziwa yake yarudi. Eliakimu alikuja kila asubuhi na mzani na swali lake moja: “Nepi ngapi zimelowa?” Mbili. Tatu. Tano. Mshale ukapanda taratibu mpaka ukagusa kilo tatu.

Ila siku ya sita Namsemba alimpima na wa kwake. Yule wa mikunjo alikuwa amepungua gramu mia tatu, na mumewe Namsemba alishasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Namsemba akamshika Nakundwa mkono.

“Wifi, nisamehe. Kesho siwezi kuja. Wangu naye analia.”

Nakundwa hakumlaumu. Alimchukua mtoto, akajifuta titi kwa kanga, akamweka kifuani. Mtoto akanyonya mara mbili, akakunja uso, akageuka. Kwa shangazi ananyonya, kwa mama yake anakataa! Nakundwa akalia kilio ambacho Mbonea alikisikia huko shambani.

Bibi Nakiete akampokea mjukuu ili mama alie vizuri. Akamwinamia kumbusu. Akasimama ghafla. Akamnusa mtoto mdomo. Akamnusa mara ya pili.

Sikilizeni sasa. Kijiji kile kizima kinanuka tangawizi, na mtu aliyezaliwa humo haisikii tena harufu yake. Eliakimu hakuisikia. Namsemba hakuisikia. Bibi Nakiete akaisikia, na si hivyo tu, alijua ni ya shamba gani. Ilikuwa ya kwake.

Kwa maana katika nyumba ile mzazi haendi shamba, lakini hakai bure pia. Tangu wiki ya pili Bibi Nakiete alikuwa anamletea Nakundwa sinia la tangawizi za kumenya, za kukausha. “Ni kazi ya kukaa tu,” alimwambia. Nakundwa akawa anamenya, sinia mapajani juu ya kanga, utomvu unaingia kwenye vidole na kwenye kanga. Mtoto akiamka, ananawa kwa maji matupu, anajifuta titi kwa kanga ileile, anamnyonyesha. Mwezi mzima mtoto anaunguzwa ulimi na chakula chake.

Bibi Nakiete angeweza kuliondoa sinia kimya kimya na asijue mtu. Aliwaita wote.

“Ni mimi,” akasema. “Nilidhani namsaidia asichoke. Ni mimi niliyemnyima mjukuu wangu.”

Kanga ikachemshwa. Nakundwa akasuguliwa mikono na kifua kwa sabuni mara tatu. Akamweka mtoto. Mtoto akanyonya mara mbili. Akatulia. Akanyonya tena, na wakasikia koo lake linavyomeza, glu, glu, mpaka akasinzia kwenye titi na maziwa yakimchuruzika shavuni.

Barabara ilipofunguka walishuka hospitali, daktari akampima, akawarudisha nyumbani. Na leo nywele zake zinanyolewa.

Eliakimu anasema, “Bila mimi, mngemzika mkimsifu utulivu.” Ni kweli, na hana mtoto.

Namsemba anasema, “Bila mimi, pua ya mama ingenusa maiti. Nami nimetoa chakula cha mwanangu.” Ni kweli, na mumewe bado amenuna.

Bibi Nakiete anasema polepole, “Bila mimi, siku ya saba angeanza kupungua tena.” Ni kweli pia. Lakini sinia lilikuwa la nani? Na je, anayekiri kosa lake mbele ya mkaza mwana hajatoa kitu?

Mbonea amekwama. Amemgeukia mkewe.

“Mimi siutaki wembe,” Nakundwa amesema. “Nawauliza tu. Mwezi mzima nilimchoma mdomo, na kila nilipomsogeza kifuani alifungua mdomo tena, akajaribu. Hakuacha hata siku moja. Huyu naye mmemhesabu?”

Wembe uko kwenye sahani, maji ya uvuguvugu yanapoa, na mtoto asiye na jina ananyonya.

Haya, wewe wa muwa, tema hayo makapi. Ungekuwa Mbonea, wembe ungempa nani?