Bi Pimbi na Trauti wa Ziwa la Juu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko yao, palikuwa na ziwa juu kabisa mlimani, jirani na theluji. Maji yake, brrr! Yaliuma hadi mifupani. Humo waliishi trauti, samaki wanono wenye madoadoa.

Bi Pimbi, mjane mwenye miguu mifupi, alivua hapo kwa mgono, mtego wa fito aliousuka mwenyewe. Lakini kila akipata samaki, Chui hutokea.

"Lete hapa! Tazama madoa yao, tazama yangu. Hawa ni ukoo wangu!"

"Sasa mbona unawala ndugu zako, Bwana Chui?"

"Nyamaza!" Naye huwabugia wote, kwap! kwap! Watoto wa Bi Pimbi wakalala na njaa.

Siku moja Bi Pimbi akachoka. "Tushindane kuvua," akasema. "Atakayeshindwa asikanyage tena hapa. Mzee Mbogo awe shahidi."

Chui akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Wewe na mimi? Haya, kesho asubuhi!"

Kulipokucha, Mzee Mbogo akasimama ukingoni kushuhudia, naye Bi Pimbi akatega mgono pale kijito kinapotoka ziwani. Kisha akapiga magoti mbele ya Chui.

"Bwana wangu, simama popote, ila si juu ya mwamba ule mrefu wa mashariki. Nakusihi!"

"Ahaa! Kumbe ndipo penye samaki!"

Chui akaruka, puu! Akasimama juu ya mwamba, jua mgongoni, kifua mbele. Kivuli chake kikubwa kikatanda majini.

Trauti huogopa kivuli, wanangu. Wakatimka wote, chubwi! chubwi! Wakakimbilia kijitoni, moja kwa moja hadi ndani ya mgono.

Chui akachovya makucha, akatoa majani. Akachovya tena, akatoa matope.

Bi Pimbi na wanawe wakavuta mgono. Lo! Umejaa pomoni!

"Umenidanganya!" Chui akanguruma.

"Mimi? Si nilikukataza?"

"Alikukataza, nimesikia mwenyewe," akasema Mzee Mbogo. "Haya, teremka mlima."

Chui akateremka, mkia chini. Bi Pimbi akajitwisha mgono kichwani, akatembea taratibu, shingo juu kama malkia. Wanawe wakafuata wakiimba, "Mama kavua! Mama kavua!" mpaka majabali yakaitikia.

Shikeni hili, wanangu: ukubwa bila akili huwavulia wengine.