Wasaidizi Watatu wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika na kuamkiana asubuhi kama tunavyofanya mimi na nyinyi, palikuwa na jabali kubwa, na chini yake bwawa dogo. Juu ya jabali aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Mnamjua pimbi, wanangu? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na akitulia juu ya jiwe unaweza kumpita usimwone.

Bwawa lile lilikuwa na wagomvi watatu. Kiboko alikaa ndani na hakutaka mtu asogee. Kifaru alikuja kila asubuhi akitanguliza pembe, na Nyati alikuja nyuma yake akikoroma. Kabla jua halijapanda tayari wameshikana: pu! pu! matope yanaruka, maji yanageuka uji. Wanyama wadogo walikaa mbali na kiu yao.

Asubuhi moja Chande, kitinda mimba wa Bi Pimbi, alishindwa kuvumilia. Akateremka mbio akanywe, akakuta ugomvi umeshaanza, akakanyagwa, mguu ukavunjika. Mama yake akambeba hadi nyumbani, akaufunga mguu kwa kijiti na gome la mti. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza. Watoto walikuwa wakilamba umande kwenye majani, na umande nao ulikuwa unakwisha. Bi Pimbi aliogopa, nami simlaumu. Alijua wazi kwamba wale watatu wasipotulia, atazika watoto.

Sasa, Bi Pimbi alikuwa mganga. Alikuwa amewatazama wale wakubwa kutoka juu siku nyingi, akagundua kwamba hawagombanii maji, maana maji yaliwatosha. Aliona wanaumwa mahali fulani ndani kwa ndani. Lakini nani angemwendea Kifaru kumwambia kwamba ni mgonjwa? Mimi siendi, na nyinyi hamwendi.

Bi Pimbi alikwenda. Akamwamkia Kifaru kwa heshima zote, akamweleza kwamba amepata wagonjwa wawili, Kiboko na Nyati, wenye maradhi ya hasira, na kwamba peke yake hawezi kuwatibu. Anatafuta msaidizi mwenye busara. Kifaru akavimba kichwa palepale, akauliza kazi yenyewe ni ipi.

"Kazi ni ndogo, mzee wangu," alisema Bi Pimbi. "Wagonjwa wa namna hii wana haya. Kwa desturi ya uganga wetu, msaidizi ndiye anayeanza. Unajifanya una jambo linalokuuma, unalieleza. Wakimwona mtu mkubwa kama wewe anasema, na wao watasema. Ila usiwaambie kwamba ni wagonjwa. Watakimbia."

Kifaru akakubali. Bi Pimbi akatoka hapo akaenda kwa Nyati, akamwambia maneno yaleyale, ila safari hii wagonjwa walikuwa Kiboko na Kifaru. Kisha akateremka bwawani kwa Kiboko. Mmeshajua alimwambia nini, kwa hiyo sirudii.

Watatu wakakutana kwenye kivuli cha jabali. Siku ya kwanza ilikuwa adabu tupu. Kila mmoja aliwajulia hali wenzake kwa ile sauti laini tunayomsemesha mtu aliyetoka kwenye homa. Wakazungumza habari za nyasi, wakarudi tena kwenye nyasi. Kila mmoja alimkonyeza Bi Pimbi kwa siri, na Bi Pimbi aliwakonyeza wote. Hakuna aliyesema la maana, naye hakuwaharakisha.

Siku ya pili adabu ilikwisha. Kifaru alimwambia Nyati apumue polepole. Nyati akajibu kwamba anayehitaji kupumua ni Kifaru. Kiboko akawaamuru wote wawili walale chali. Kwani wewe nani? Na wewe je? Kila mmoja alijiona yeye ndiye mkono wa kulia wa mganga, basi vumbi likatimka.

Mganga mwingine angepiga kelele, au angekimbia. Bi Pimbi alikaa juu ya jiwe lake akasubiri mpaka wote watatu wakaishiwa pumzi. Kisha akawauliza wangependa kukaa pale kwa namna gani.

"Wewe ndiye mganga," alisema Nyati. "Tuambie."

Bi Pimbi hakuwaambia. Alinyamaza, na kimya kile kikawa kirefu mpaka kikaanza kuwawasha. Mwishowe Kiboko akasema kwamba mtu akizungumza, mwenzake asiinamishe pembe. Kifaru akaongeza kwamba yanayosemwa jabalini yabaki jabalini. Nyati akataka mtu yeyote asiondoke kwa kususa. Wakakubaliana, na sheria hizo walizishika kwa sababu walizitunga wenyewe.

Siku ya tatu Kifaru alikumbuka kazi yake ya kujifanya. Akakohoa.

"Tuseme mimi," alianza, "kwa mfano tu, tuseme macho yangu hayaoni vizuri."

Alikusudia kuishia hapo. Lakini wenzake walikuwa wamemtulia, wanamsikiliza, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Kifaru.

"Naona vivuli tu," aliendelea. "Mtu akinijia simjui ni nani. Ndiyo maana natanguliza pembe. Naogopa." Kwa mtu anayejifanya, alikuwa anajifanya vizuri mno.

Bi Pimbi alimgeukia Nyati, akamuuliza maneno yale yamemgusa wapi. Naye Nyati, kwa mfano tu, bila shaka, akaeleza jinsi wanawe mwenyewe walivyomfukuza kwenye kundi alilolilinda miaka yote. Tangu siku hiyo hakuna anayemtazama. Afadhali aje bwawani apigwe pembe, alisema, maana anayekupiga angalau amekuona.

Kiboko alijizuia mpaka siku ya tano. Mkewe na watoto walikuwa wamehamia mto mkubwa bwawa lilipopungua, na yeye alibaki analinda maji ili wakirudi wayakute. Alipofika hapo akalia, machozi makubwa kama alivyo mwenyewe. Wenzake hawakucheka. Kifaru alipapasa njia mpaka kando yake, akamwegemea, wakakaa hivyo.

Basi mambo yakabadilika polepole. Asubuhi Nyati alimwongoza Kifaru njiani, na Kiboko akawasogezea nafasi. Wanyama wadogo wakaanza kuteremka kunywa, kwanza kwa woga, kisha kwa kelele zao za kawaida. Kwa Bi Pimbi waliteremka watoto wawili. Chande hakuteremka. Mguu ulikuwa unapona, lakini akisikia kwato tu alijificha.

Siku ya nane Kiboko, ambaye hakujaliwa kutunza siri, alimwambia Nyati kwa upole kwamba anafurahi kumwona amepona, na kwamba yeye kama msaidizi wa mganga ametimiza kazi yake.

"Msaidizi ni mimi," alisema Nyati.

"Ni mimi," alisema Kifaru.

Wakatazamana. Kisha wote watatu wakamgeukia Bi Pimbi, na Kifaru akainuka. "Umetudanganya."

"Nimewadanganya," alisema Bi Pimbi. "Ningekuja kukuambia kwamba wewe ni mgonjwa, ungenifuata?"

Kifaru alifikiri. "Nisingekufuata."

"Mimi ningekukanyaga," alisema Nyati.

Ukiwa juu ya jabali unaona kila kitu, na asubuhi ile Chande alipokanyagwa, Bi Pimbi aliona ni kwato za nani zilizompitia mwanawe. Siku nane alikuwa amekaa mbele ya kwato hizo, akamsikiliza mwenyewe akieleza machungu yake, na siku nyingine, wanangu, kazi hiyo ilikaribia kumshinda kabisa. Hata sasa hakumtazama Nyati. Aliinama tu, akaangalia miguu yake midogo.

Nyati naye alikuwa amenaswa na neno lake mwenyewe, lile la kukanyaga.

"Bi Pimbi," alisema. "Yule mwanao asiyeshuka kunywa. Alipatwa na nini?"

Kifaru na Kiboko hawakuingilia. Walikuwa wameshajifunza kusubiri.

"Siku ile nilihisi kitu chini ya kwato," Nyati alisema polepole. "Nikajiambia ni jiwe, nikaendelea kupigana." Akavuta pumzi. "Halikuwa jiwe."

"Halikuwa jiwe," alisema Bi Pimbi, na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mguu wa Chande uvunjike.

Wale wasaidizi watatu wakamsogelea, wakakaa naye, wala hawakumharakisha. Jua lilipopinduka Nyati alipanda jabali polepole, akipima kila hatua, mpaka mlangoni kwa Chande. Akapiga magoti nje, akamwomba radhi, kisha akakaa palepale akisubiri mtoto atoke mwenyewe.

Chande akatoka.

Mimi nimemaliza, na funzo langu ni hili moja: hata mwenye nguvu kuliko wote huanza kupona siku anapotamka mbele ya wenzake kinachomuuma.