Siku Mhina Alipofungua Kichwa cha Mashine

"Hufungua mmoja, hufunga wawili." Mmeusikia msemo huu leo kwenye suluhu ya shangazi yenu na mumewe, mkauliza umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulianzia hapa hapa Korogwe, katika karakana ya shamba la mkonge, enzi zile harufu ya katani mbichi ikitufuata mpaka vitandani. Na ulianza hivi.

Palikuwa na mafundi wawili, Mhina na Semkiwa. Walijifunza kazi pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Kisha Semkiwa akatania mbele ya vijana kwamba macho ya Mhina yamezeeka. Vijana wakaangua kicheko. Mhina akahamishia meza yake upande wa pili wa karakana, na tangu Ramadhani hawakusemeshana.

Humo mlikuwa na mashine ya kupanua matundu ya vyuma. Kichwa chake kilikuwa cha ajabu: kila kilipozunguka, kisu chake kilisogea nje chenyewe, kidogo kama unywele. Tangu ujana Mhina alitamani kujua kinasukumwa na nini. Jumapili moja kiwanda kimelala, Semkiwa akinoa visu kwenye kona yake, Mhina akakifungua.

Akakuta gurudumu dogo lenye ncha kama nyota. Kila mzunguko, ncha moja iligonga pini iliyosimama kando. Gurudumu likageuka kidogo, likageuza gia, gia ikasukuma kisu. Mhina akacheka kama mtoto. Akainua uso amwonyeshe mwenzake, akakumbuka hawasemezani.

Kazi ikawa kufunga. Kuibana springi iliyokuwa nyuma ya gia kulitaka mikono miwili, na kulinganisha meno ya gia kulitaka miwili mingine. Akajaribu kuibana kwa jiliwa la mezani, akajaribu kwa goti. Springi ikaruka, gia zikamwagika. Na kesho alfajiri mashine ile ilikuwa ikingojwa. Ikikosekana, kibarua chake kingeota nyasi.

"Semkiwa," akaita.

"Naam."

"Njoo unishikie."

Semkiwa akaja akifuta mikono, akaibana springi. Boliti ya kwanza ilipoanza kuingia, akasema, "Ngoja, bwana, usifunge. Na mimi nionyeshe."

"Wataka kuona?"

"Miaka yote hii natamani. Kumbe aliyekuwa na macho ni wewe. Lile neno langu lilikuwa la kipuuzi, ndugu yangu. Nisamehe."

 Mhina akaitoa boliti, akakifungua tena kichwa chote, akamwonyesha gia moja baada ya nyingine, mpaka wakasahau chakula cha mchana. Ndipo wakakifunga pamoja.

Kesho yake vijana wakakuta meza zimerudi pamoja. Wakauliza nani kawapatanisha.

"Kile kichwa cha mashine," Mhina akasema. "Nilikifungua peke yangu, kufunga kukanishinda."

Shamba lile sasa ni pori, na wote wawili tumeshawazika. Siku hizi nikisikia watu wamegombana, nawaona wale wazee wameinama juu ya chuma kimoja, mikono minne imejaa grisi. Ndiyo maana twasema: hufungua mmoja, hufunga wawili.