Mama Sega na Chui Aliyeomba Mbwa

— Wenyewe mpo?
— Tupo, ingia na maneno yako.
— Nimeingia. Nimkute nani?
— Umkute mwenye meno.
— Nikamkuta mwenye meno, na pembeni yake mwenye akili.
— Basi tuambie aliyekula na aliyeliwa.

Wewe unayechezea kandambili, tulia. Leo hatucheki sana.

Hapo kale palikuwa na mbwa jike aliyezalia ndani ya tanuri la matofali lililoachwa. Wanyama wote walimwita Mama Sega, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sega mwenyewe hakuwepo. Mwaka uliotangulia Chui alikuja na maneno matamu, akasema amechoka na upweke, anataka mbwa wa kufuatana naye. Na desturi ya wanyama wa huko ilikuwa hii: anayeomba mtoto wa mbwa kwa adabu, hanyimwi. Mama Sega akampa. Siku tatu baadaye alipouliza habari za mwanawe, Chui akajibu kwamba Sega ametoroka. Tangu hapo kila aliyemwita kwa jina lile alimtonesha kidonda bila kujua.

Sasa alikuwa na watoto watano, na asubuhi moja Chui akarudi. Anaomba tena, na adabu zake zote.

Mwombaji ndiye aliyechagua. Chui akamnyanyua wa kwanza kwa ngozi ya shingo: kwii! Akamtua. Akamnyanyua wa pili: kwii! Akamtua. Wa tatu, kwii! Wa nne, kwii! Wa tano akaning'inia tu, kimya. Huko waliamini kwamba mtoto asiyelia akinyanyuliwa ndiye atakayekuwa mbwa shupavu. Chui akampapasa mapaja, akasema huyu ndiye.

Bi Nguchiro, mkunga aliyewapokea watoto wale, alikuwa ameketi juu ya kifusi akitazama. Aliona kwamba Chui hakumtazama mtoto machoni hata mara moja, wala hakumweka chini aone kama atamfuata. Anayetaka rafiki hapapasi mapaja. Mama Sega naye aliyaona hayo, lakini desturi ilikuwa imemfunga mdomo.

"Umechagua vizuri, Bwana Chui," Bi Nguchiro akasema. "Ila huyo bado hajafunzwa. Ukimchukua leo utapata mmoja. Akifunzwa siku saba, ukimwita anakuja na nduguze wote."

Chui akameza mate. Watano! Akauliza mtoto hufunzwaje.

"Mbwa humwiga bwana wake. Ukitaka aketi, keti wewe kwanza."

Basi wakaanza. Asubuhi ya kwanza Bi Nguchiro akapiga mluzi, fyuu! "Keti." Chui akaketi, pu! Papo hapo akarushiwa kipande cha nyama ya panya buku, nyam! Asubuhi ya pili, fyuu! "Keti." Pu! Nyam! Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne Chui akajivuta, akachelewa kuketi, akanyimwa. Ya tano hakuchelewa. Kufika ya sita, neno lenyewe halikuhitajika tena. Ukisikika mluzi tu, makalio ya Chui yalikuwa chini kabla kichwa chake hakijapata habari. Watoto siku zote hizo walikuwa wakibingirishana kwenye vumbi, hakuna aliyewafunza chochote. Chui hakuliona hilo, macho yake yalikuwa kwenye nyama.

Lakini kila Chui alipoondoka, Bi Nguchiro alimfunza mwanafunzi wa pili, naye ni Mama Sega. Alimwambia kwamba mkunga ni wa kuzunguka, siku ya saba mluzi utakuwa wake yeye mama.

"Usipige kelele, atajua unaogopa. Piga mara moja tu, unyamaze. Na akitii, mlipe papo hapo, hata kama moyo hautaki."

"Moyo wangu unataka kumuuma," Mama Sega akasema.

"Najua, dada. Mlipe hivyo hivyo."

Siku ya saba Chui alikuja na njaa ya jana, ametenga nafasi tumboni. Watoto wakatoka tanurini wote watano, mbio. Chui akasahau adabu, desturi na ule upweke wake wote. Akajikunja, akainua miguu ya mbele.

Mama Sega alitaka kubweka. Alitaka kulia mpaka matofali yapasuke, na koo lilikuwa limejaa jina la Sega. Akalimeza, akapiga mluzi. Fyuu.

Pu! Chui akaketi.

Akajiinua tena. Fyuu. Pu! Akageuka kutazama nani amemvuta mkia. Hakukuwa na mtu.

"Sega alitoroka?" Mama Sega akamuuliza kwa sauti ya chini.

Chui akakitazama kipande cha nyama kilichokuwa mbele ya mguu wa Mama Sega. Mate yakamdondoka.

"Hakutoroka," akasema.

Mama Sega alikuwa akilijua jibu hilo mwaka mzima, na bado lilimuuma kana kwamba Sega amechukuliwa asubuhi ileile. Alitamani kile kipande akifukie kwenye vumbi. Lakini Chui alikuwa ameketi, na watoto watano walikuwa nyuma ya mama yao, hai. Asipolipwa leo, kesho haketi. Akakisukuma kipande kwa pua yake mwenyewe, akamlisha aliyemla mwanawe. Nyam. Akamwambia aende, naye akaenda.

Mpaka leo Chui hupita tanurini kila asubuhi, huketi, hula kipande chake, huondoka. Wageni humsifu Mama Sega kwa malezi mema. Wakimsifu humwita kwa jina lile lile, naye huitika.

Sasa fundisho, maana najua mnalingoja. Ukitaka mbwa mwenye adabu, usihangaike na mbwa. Tafuta chui. Na mtu akija kukuomba mtoto kwa maneno matamu, mpe bila kuuliza, watu wenye adabu hawana neno.

— Maneno yangu nimeyatua. Nani atayanyanyua?
— Tumeyanyanyua, kwa ngozi ya shingo.
— Yamelia?
— Yamenyamaza.
— Basi hayo ni yenu.