Mtoto wa Nani?

Uvumi ulianzia bombani. Ilisemekana kwamba huko kijijini Keza yupo mtoto wa miaka minne asiye na neno hata moja kinywani. Hawezi kusema maji, hawezi kusema mama, kwa kuwa tangu atambae amelelewa na simu. Jina lake hakuna aliyelijua, wala la mama yake. Eustakia, jirani mwenye ulimi mwepesi kama jani la mgomba penye upepo, ndiye aliyeileta habari hiyo, na wanawake wa kijiji cha Kirushya wakacheka hadi ndoo zikafurika.

"Simu inameza ulimi? Basi ingeanza na wako, Eustakia, tupumzike!" alisema mmoja.

Domisiana naye alicheka. Lakini alipojitwika ndoo na kushika njia ya migombani, kicheko kilimkauka. Maneno yale yalimganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nyumbani alikuwa na Anastazi, mwanawe wa pekee, aliyempata baada ya kuharibikiwa mimba tatu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu, na hakuwa bubu, la. Maneno alikuwa nayo mengi, ila yote yalikuwa ya katuni za kwenye simu ya mama yake. "Zubi-zubi! Wakalu!" alipiga kelele, na hakuna aliyejua kama anataka uji au anataka kwenda haja.

Simu hiyo ya kupangusa ilinunuliwa na Novatus, mumewe, alipokwenda kufanya kazi za ujenzi Kahama, ili wapate kuonana sura. Siku moja mtoto alilia wakati Domisiana anapalilia maharage. Akampa simu atazame katuni, akanyamaza kama moto uliomwagiwa maji. Tangu hapo simu ikawa ziwa, ikawa mbeleko, ikawa yaya. Anastazi alikula nayo, akaogeshwa huku imesimamishwa juu ya tofali, akasinzia nayo kifuani. Na mama mwenyewe hakuwa na nafuu. Mtoto akisinzia, aliichukua yeye, akazama kwenye magrupu mpaka betri iishe.

Habari ya bombani ilimtia hofu, akaamua kupunguza. Aliificha simu ndani ya kapu la maharage. Anastazi alilia tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Akagaragara, akajigonga kichwa chini, akatapika. Agripina, mama mkwe wake, alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Mwache alie," alisema bila kuinua macho. "Kilio cha mtoto hakijawahi kubomoa nyumba."

"Mama, atapasuka kifua!"

"Novatus alilia siku nne nilipomwachisha ziwa. Kifua chake kimepasuka? Si ndicho kinachobeba saruji huko Kahama?" Akatupa ganda la ndizi pembeni. "Niachie mimi jioni, nimfundishe kujitaja. Mtoto wa umri huu akiulizwa njiani, 'Uri mwene nde?', wewe ni wa nani, humtaja baba yake, babu yake na mlima wao. Huyu nilimuuliza jana. Akaniambia zubi-zubi."

Domisiana alitaka kucheka, lakini mtoto alitapika tena, na mkono wake ukaenda wenyewe kapuni.

"Leo tu, mama. Kesho naanza kweli."

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," Agripina akajibu. "Anayeogopa machozi ya mtoto leo, anajiwekea akiba ya machozi yake mwenyewe. Mimi nimesema."

Kesho ikaja, ikapita. Mara ya pili Domisiana alimwambia mtoto kwamba simu inaumwa. Mara ya tatu aliipeleka kwa Eustakia, kisha akaifuata mwenyewe kabla chungu hakijachemka. Kila mara machozi ya Anastazi yalimshinda nguvu.

Ikafika Ijumaa ya gulio. Domisiana alipeleka madebe mawili ya maharage. Alimkalisha Anastazi juu ya gunia tupu, akampa simu, akageukia wateja. Muda wote alipokuwa akipima, aliisikia sauti ya katuni nyuma yake, na moyo wake ukatulia. Hivyo ndivyo alivyozoea kumlinda mwanawe: kwa masikio. Sauti ikiwapo, mtoto yupo.

Hakujua kwamba betri ilikuwa imekwisha. Sauti aliyokuwa akiisikia ilitoka kwenye simu ya mama mmoja mpita njia, aliyesimama kununua nyanya huku mtoto mgongoni kwake akitazama katuni ileile. Mama yule alipoondoka, Anastazi alishuka guniani akaifuata sauti, kama ndama anavyofuata kengele ya zizini. Domisiana alipogeuka, simu ilikuwa juu ya gunia, nyeusi, kimya. Mtoto hakuwapo.

Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Aliita jina ambalo Anastazi hakuwa amezoea kuliitikia. Watu walitafuta kwenye vibanda, kwenye mahindi, kisha wakateremka bondeni kwenye mafunjo. Jumamosi kutwa walipekua maji kwa fimbo. Eustakia alikuwamo, matope hadi mapajani, na siku hiyo hakuwa na neno la kusema. Kila fimbo ilipogusa kitu laini, Domisiana alifumba macho.

Novatus alipiga simu. "Sikuulizi alipotelea wapi," alisema. "Nakuuliza, mke wangu, ulikuwa unaangalia nini?"

 Tangu saa hiyo Domisiana aliifunga simu kwenye pindo la kanga yake kiunoni, ikiwa na chaji tele, akingojea mtu yeyote apige kumwambia lolote.

Jumapili tangazo lilisomwa kanisani. Misa ilipokwisha, Ndizeye, kijana wa bodaboda, alimfuata nje.

"Shikamoo, mama. Huko Keza kuna mama ameokota mtoto. Lakini wanasema ni wa ng'ambo ya mpaka. Anaongea lugha isiyojulikana."

"Lugha gani?"

"Zubi… zubi nini sijui."

Domisiana alikuwa amekwisha panda pikipiki.

Aliyemwokota Anastazi aliitwa Mukandayisenga, mkulima, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikuwa amemwogesha na kumvika shati la mwanawe. Wakamngoja mwenyekiti wa kitongoji, mtoto akiwa amelala ndani, na walipokuwa wakingoja, alimweleza Domisiana yote.

"Nilimkuta pale zinapoegeshwa pikipiki. Sasa naambiwa ni hatua mia mbili tu kutoka ulipokuwa ukiuza. Nilimuuliza kwa Kihangaza, kwa Kiswahili, kwa Kirundi. Wewe ni wa nani? Akanijibu maneno nisiyoyajua. Nikasema, huyu ameachwa na wasafiri wa ng'ambo, maana hakuna mtoto wa huku asiyejua kujitaja. Nilisimama naye pale hadi gulio likavunjika."

Saa hizo Domisiana alikuwa bondeni, kwenye mafunjo.

"Mimi nilipotea nikiwa na miaka minne," Mukandayisenga aliendelea, "mwaka ule wa kukimbia vita, barabara imejaa watu kama siafu. Lakini nilijua kusema, mimi ni binti wa Nizigiyimana. Watu wakalipokezana jina la baba yangu kinywa kwa kinywa, likamfikia mama kabla jua halijazama. Sikuwa na kiatu, sikuwa na nguo. Nilikuwa na hilo jina tu."

Mwenyekiti Hakizimana alifika, akamsalimu kila mtu, akaketi. "Pole, mama. Lakini hatumtoi mtoto kwa kila anayekuja analia. Na aseme mwenyewe." Akamgeukia mtoto, aliyekuwa ameamshwa na kuletwa. "Haya, mzee mwenzangu, huyu ni nani?"

Domisiana alipiga magoti, akafungua mikono. "Anasta, mwanangu. Sema. Sema mama."

Anastazi alimtazama. Uso wake ukang'aa kama asubuhi, akaja mbio. Domisiana akafumba macho, akingojea uzito wa mtoto kifuani pake. Uzito haukuja. Alihisi vidole vidogo kiunoni vikifungua pindo la kanga. Alipofumbua macho, Anastazi alikuwa amekaa chini amempa mgongo, simu mapajani, anapangusa.

 Kuku walisikika wakiparua nyuma ya jiko. Hakizimana akakohoa.

"Simu yake anaijua," akasema. "Basi mwenye simu ndiye mama. Mchukue."

Njiani Domisiana alimpokonya simu, akaapa moyoni kwamba hapa ndipo mwisho. Anastazi alilia tangu Keza, akajipinda, akamng'ata mkono. Kwenye kilima kimoja watu walisimama kando ya njia wakiwakazia macho. Ndizeye akasimamisha pikipiki.

"Mama, mpe tu. Hawa watadhani tumemwiba."

Na kweli, mtoto mwenyewe asingeweza kuwaambia vinginevyo. Domisiana akampa. Anastazi akanyamaza papo hapo. Sasa aliyekuwa akilia ni mama, kwa sauti, na Ndizeye akavuta mafuta zaidi ili asimsikie.

Siku hizi, kila jioni, Agripina humketisha mjukuu wake jikoni na kumuuliza, "Uri mwene nde?" Kisha hungoja. Mtoto naye hungoja, akikitazama kiuno cha mama yake. Na bombani uvumi umehama. Wanasema yule mtoto asiye na neno yuko Kirushya. Domisiana akitokea na ndoo yake, hawacheki.

Basi, akina mama wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimpe mtoto simu ili anyamaze.

Usimlishe wala usimwogeshe huku simu iko katikati yenu. Nawe mwenyewe usiishike anapokutazama usoni.

Usimlinde mtoto kwa masikio.

Usimpeleke gulioni kabla hajajua kutaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Hilo hufundishwa kwa mdomo wako, si kwa kioo.

Usimnyang'anye asubuhi ukamrudishia mchana. Hapo unamfundisha kulia tu.

Usiseme "leo tu."

Na akilia, usiogope. Domisiana aliogopa, na kilio alichokikwepa nyumbani kilimngoja njia ya Keza. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.